Majina yalibadilika Thika, lakini nani mwenye mitambo iliyo juu ya minara?

Mkazi wa Thika aliyenunua laini ya Kencell mwaka wa 2000, na akaitunza nambari yake ya 0733 hadi leo, amekuwa mteja wa kampuni nne bila kuhama mtandao hata siku moja. Kencell iligeuka Celtel mwaka wa 2004, Celtel ikawa Zain mwaka wa 2008, na Zain ikawa Airtel mwaka wa 2010. Kila mara mabango yalishushwa na mengine kupandishwa, vibanda vikapakwa rangi mpya kutoka Githurai hadi Makongeni, na biashara ikaendelea.

Nyuma ya rangi hizo kulikuwa na fedha nyingi za kigeni. Kencell ilianzishwa na Vivendi ya Ufaransa, iliyomiliki asilimia 60, pamoja na kundi la Sameer la mfanyabiashara Naushad Merali. Vivendi ilipoamua kuondoka, MTN ya Afrika Kusini ilikuwa tayari kulipa dola milioni 230 za Marekani. Sameer ikatumia haki yake ya mbia ya kununua kwanza, ikazichukua hisa hizo kwa bei hiyo hiyo na kuziuza papo hapo kwa Celtel kwa dola milioni 250. Mwaka uliofuata, 2005, Celtel yenyewe ikanunuliwa na MTC ya Kuwait kwa dola bilioni 3.4, na mwaka wa 2010 Bharti ya India ikatoa dola bilioni 10.7 kwa biashara ya Zain katika nchi 15 za Afrika.

Hayo yaliandikwa magazetini kwa herufi kubwa. Yaliyoandikwa kwa herufi ndogo, ama hayakuandikwa kabisa, ni mauzo mengine yaliyokuwa yakiendelea wakati uo huo miongoni mwa viwanda vinavyounda mitambo ya simu za mkono. Na huenda haya ya pili ndiyo yenye uzito zaidi kwa mkazi wa Thika. Akichoshwa na kampuni ya simu, anaweza kuihama kwa kununua laini nyingine ya shilingi chache tu. Kampuni ya simu yenyewe haiwezi kumhama muuzaji wa mitambo kwa urahisi huo.

Ili kuelewa sababu, inafaa kuutazama mnara kwa makini. Msafiri anayetoka Nairobi kwa matatu kupitia barabara kuu ya Thika, barabara iliyojengwa na kampuni tatu za China na kufunguliwa rasmi mwaka wa 2012, huona minara hiyo kila baada ya mwendo mfupi, mingine ikiwa juu ya paa za majumba ya ghorofa. Mnara wenyewe si kitu. Ni chuma kitupu ambacho karakana nyingi za humu nchini zinaweza kukiunda. Thamani iko kwenye kilichofungwa juu yake na kilichofungiwa chini yake.

Kileleni kuna antena, yale masanduku marefu membamba ambayo kwa kawaida huelekezwa pande tatu. Karibu nazo kuna redio, mtambo unaogeuza umeme kuwa mawimbi na mawimbi kuwa umeme. Chini, ndani ya uzio, mna kabati lenye kompyuta inayoamua ni simu ipi ipewe nafasi kwenye mawimbi, na kwa sehemu ngapi ya sekunde. Kando yake mna betri, na aghalabu jenereta ya dizeli, kwa kuwa umeme hupotea. Kutoka hapo mawasiliano husafiri kwa mkonga, au kwa mawimbi kutoka mnara hadi mnara, mpaka kwenye mitambo mikuu ambako salio la mteja huhesabiwa na simu yake kuelekezwa iendako.

Jambo ambalo mteja halioni ni kwamba redio ya kileleni na kompyuta ya kabatini huzungumza lugha ya kiwanda kimoja. Simu ya mkono ya aina yoyote itaongea na mnara wowote, kwa sababu lugha ya hewani imekubaliwa na dunia nzima. Lakini ndani ya mnara, redio ya Nokia haielewani na kabati la Huawei, wala ya Huawei na la Ericsson. Kwa hivyo anayenunua kabati leo huwa amejifunga pia kununua redio, vipuri, programu na mafundi wa kiwanda hicho kwa miaka mingi ijayo. Mwaka wa 2018 baadhi ya kampuni kubwa za simu duniani ziliunda muungano uitwao O-RAN, wenye nia ya kuvunja kufuli hilo kwa kuifanya lugha ya ndani nayo kuwa ya wote. Kazi hiyo imekwenda polepole kuliko ilivyotangazwa.

Kufuli si tatizo kubwa pale wauzaji wanapokuwa wengi, maana mnunuzi anaweza kuwashindanisha kabla ya kujifunga. Mwaka wa 2000, Vodafone ya Uingereza ilipochukua asilimia 40 ya Safaricom na Kencell ilipoingia sokoni, mnunuzi alikuwa na orodha ndefu: Ericsson ya Uswidi, Nokia ya Ufini, Siemens ya Ujerumani, Alcatel ya Ufaransa, Marconi ya Uingereza, Lucent na Motorola za Marekani, Nortel ya Kanada, na vijana wawili kutoka Shenzhen, China, Huawei na ZTE, ambao Wazungu wengi hawakuwajali.

Kisha mambo yakageuka. Kampuni za simu za Ulaya zilikuwa zimetumia mabilioni kununua leseni za 3G, na soko la hisa la kampuni za teknolojia liliporomoka kati ya 2000 na 2001. Fedha za kununua mitambo zikakauka, na viwanda vikaanza kumezana. Ericsson ilinunua sehemu kubwa ya Marconi mwaka wa 2005. Mwaka wa 2006 Alcatel iliungana na Lucent, na maabara mashuhuri ya Bell, fahari ya Wamarekani, yakaingia mikononi mwa kampuni yenye makao Paris. Nokia na Siemens ziliunganisha biashara zao za mitambo mwaka wa 2007, na mwaka wa 2013 Nokia ikaichukua yote. Nortel ilifilisika mwaka wa 2009, na Ericsson ikachukua biashara yake ya redio kwa dola bilioni 1.13. Mitambo ya Motorola ilinunuliwa na Nokia Siemens mwaka wa 2011. Hatimaye, mwaka wa 2015, Nokia ilitangaza kuinunua Alcatel-Lucent kwa euro bilioni 15.6.

Kwa hivyo Nokia ya leo ina ndani yake Siemens, Motorola, Alcatel na Lucent. Majina kumi yamebaki manne, na la tano ni Samsung ya Korea Kusini, ambayo ilipata nafasi baadaye.

Wakenya hawakuwa mbali na msukosuko huo. Wakati wezi walipokuwa wakikata nyaya za shaba za Telkom Kenya usiku na kuziuza kama vyuma vikuukuu, shirika hilo liligeukia simu za nyumbani zisizotumia nyaya, kwa teknolojia iliyojulikana kama CDMA. Miongoni mwa mabingwa wa teknolojia hiyo walikuwa Lucent, Nortel na Motorola. Katika muda wa miaka michache mabingwa wote watatu walikuwa wametoweka, na Telkom, iliyokuwa imeuza asilimia 51 ya hisa zake kwa kundi lililoongozwa na France Telecom mwishoni mwa 2007, ilikuwa imehamia GSM kwa jina la Orange. Aliyenunua kifaa cha CDMA akakiweka juu ya kabati sebuleni alibaki na pambo.

Je, vijana wa Shenzhen walifikaje hapa? Jibu la haraka ni bei, na si uongo. Huawei, iliyoanzishwa na Ren Zhengfei mwaka wa 1987, iliuza kwa bei ambayo viwanda vya Ulaya vilishindwa kuifikia. Lakini bei peke yake haitoshi kuwa maelezo. Benki za serikali ya China zilikuja na mikopo, kiasi kwamba mnunuzi alipata mitambo na fedha za kuilipia kutoka nchi moja. Awamu ya pili ya mkonga wa kitaifa wa mawasiliano, NOFBI, ilijengwa na Huawei kwa njia hiyo. Tena wahandisi wao walikubali kukaa. Kampuni changa inayoanza kazi katika nchi yenye umeme wa kubahatisha humthamini fundi aliyekuja na jenereta yake kuliko mwenye kutuma barua kutoka Munich.

Ushindani huo ulimfaidi mwananchi, na hilo lapaswa kusemwa waziwazi. Mnamo Agosti 2010, baada ya Tume ya Mawasiliano kupunguza ada ambayo kampuni za simu hulipana kutoka Sh4.42 hadi Sh2.21 kwa dakika, Zain ilishusha bei ya kupiga simu hadi Sh3. Wapinzani wakalazimika kufuata. Bei kama hizo haziwezekani iwapo mitambo ni ghali. Mwaka wa 2011 Bharti iliamua hata kutoendesha mitandao yake yenyewe barani Afrika, ikawapa kazi hiyo Ericsson, Nokia Siemens na Huawei. Jina kwenye bango lilikuwa la Mhindi, lakini aliyetumwa usiku kurekebisha mtambo alikuwa akifanya kazi ya Mswidi, Mfini au Mchina.

Vita hivyo vya bei vilikuwa na majeruhi. Mtandao wa yu, wa kampuni ya Essar ya India, ulifungwa mwaka wa 2014 kwa namna ambayo haijasahaulika: wateja wake walikwenda Airtel, na minara na mitambo yake ikaenda Safaricom. Waliogawana mali hiyo walijua kila mmoja alichokosa. Airtel ilihitaji watu, Safaricom ilihitaji nafasi ya kuwahudumia watu iliokuwa nao tayari.

Hapo ndipo Ruiru inapoingia. Miaka 30 iliyopita sehemu kubwa ya Ruiru ilikuwa mashamba ya kahawa. Mashamba hayo yaliuzwa, yakakatwa vipande, na juu yake vikaota vyumba vya kupangisha, ghorofa baada ya ghorofa, pamoja na mji mpya wa Tatu City, ambao nao umejengwa kwa mtaji wa wageni. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa Ruiru, iliyokuwa mdogo wa Thika kwa miaka mingi, imempita kaka yake: wakazi wapatao 490,000 dhidi ya 251,000.

Mnara uliosimikwa kuhudumia wachumaji kahawa hauwezi kuhudumia halaiki hiyo. Mawimbi ni kama maji ya mfereji mmoja; wakichota wengi, kila mmoja hupata kidogo. Saa mbili usiku, wafanyakazi wanaporudi kutoka Nairobi na kila mtu akafungua video, intaneti ya Kimbo au Kihunguro huanza kujikokota. Mawe ya Ndarugo, ambayo nyumba nyingi za eneo hilo zimejengwa nayo, huzidisha shida kwa kuyanyonya mawimbi, hasa yale ya masafa ya juu yanayobeba intaneti nyingi zaidi. Dawa ni kuongeza redio, kuongeza masafa, au kusimika minara mingine karibu zaidi. Dawa zote tatu hununuliwa, na kwa sababu ya lile kufuli, aghalabu hununuliwa kwa yule yule aliyeuza za kwanza.

Basi mtu atauliza: kwa nini kampuni ya simu isibadilishe muuzaji? Hubadilisha, ila kwa gharama. Fundi hana budi kupanda kila mnara, ashushe redio, apandishe nyingine, na kuusawazisha upya na minara jirani ili simu ya abiria aliye ndani ya matatu isikatike akipita Juja. Mfano bora uko Marekani. Mwaka wa 2020 bunge la huko liliamua mitambo ya Huawei na ZTE ing'olewe kwenye mitandao midogo ya vijijini, kwa hofu kwamba serikali ya China ingeweza kuitumia kusikiliza au kuzima mawasiliano. Zilitengwa dola bilioni 1.9. Hazikutosha. Desemba 2024 iliwabidi waongeze dola bilioni 3 hivi. Uingereza nayo iliamuru mwaka wa 2020 kwamba mitambo ya Huawei iondolewe kwenye 5G ifikapo mwisho wa 2027.

Huawei imeyakanusha madai hayo miaka yote. Lakini mataifa makubwa hayakuishia kwenye maneno. Mwaka wa 2008 azma ya Huawei na kampuni ya Bain Capital kuinunua 3Com ya Marekani ilivunjika kwa sababu za kiusalama. Februari 2020, mwanasheria mkuu wa Marekani wakati huo, William Barr, alipendekeza hadharani kwamba Wamarekani wanunue hisa za kutosha kuidhibiti Nokia au Ericsson. Ufaransa, iliyoitazama Alcatel ikiondoka, ilirudisha asilimia 80 ya kitengo chake cha mikonga ya baharini kutoka kwa Nokia mwishoni mwa 2024. Kitengo hicho ndicho kilichoijengea Kenya mkonga wa TEAMS uliofika Mombasa mwaka wa 2009. Wanaohubiri soko huria, yaonekana, hawaliamini sana linapogusa simu zao.

Kenya imechukua njia nyingine, ya kuweka mguu mmoja huku na mwingine kule. Safaricom ilipoanza majaribio ya 5G mnamo Machi 2021 mjini Nairobi, Kisumu, Kisii na Kakamega, ilitumia mitambo ya Nokia na ya Huawei kwa pamoja. Airtel nayo iliichagua Nokia mwaka wa 2020 kuiboresha mitambo yake nchini. Inashangaza kidogo kwamba Februari mwaka uo huo wa 2020 Vodafone, jamaa mkubwa wa Safaricom, ilitangaza kuiondoa Huawei kwenye mitambo yake mikuu ya Ulaya kwa gharama ya euro milioni 200. Nchini Kenya, mtambo wa M-Pesa wenyewe ulihamishiwa kwenye mfumo wa Huawei mnamo Aprili 2015. Hilo lilikuwa na manufaa yake, kwa kuwa hapo awali kompyuta za M-Pesa zilikuwa Ujerumani, na kuzileta nyumbani kulipunguza hitilafu ambazo zilikuwa zikiwaudhi wateja. Utumaji pesa ukikwama sasa, makanga wa matatu za Thika hawapokei nauli na wenye maduka ya jumla hawalipwi. Uamuzi wa nani auze mitambo umekuwa uamuzi wa nani ashike mfuko wa nchi.

Hata chuma kitupu kina mwenyewe. Airtel iliuza minara yake kwa Eaton Towers ya Uingereza, na kampuni hiyo ikanunuliwa mwaka wa 2019 na American Tower ya Boston. Mwaka mmoja kabla, American Tower ilikuwa imekubali kuchukua minara 723 ya Telkom Kenya. Aliyeuza mnara huwa mpangaji kwenye mnara aliokuwa wake, na mpangaji hulipa kodi. Telkom ilipolemewa na madeni, wateja wake katika sehemu nyingi za nchi walianza kukosa mawimbi mwaka wa 2023, huku deni la minara likitajwa kuwa chanzo.

Serikali ina sauti katika baadhi ya mambo haya na haina katika mengine. Airtel na Telkom zilipotaka kuungana mwaka wa 2019, wasimamizi wa humu nchini waliweka masharti, na mpango ukaachwa Agosti 2020. Muungano wa Nokia na Alcatel-Lucent, ambao uliwapunguzia kampuni zote mbili wauzaji wa kuchagua, ulisubiri ruhusa ya Brussels, Washington na Beijing.

Thika huitwa Birmingham ya Kenya kwa sababu ya viwanda vyake. Kiwanda cha Leyland, ambacho sasa ni Kenya Vehicle Manufacturers, kilianzishwa huko katika miaka ya 1970 kwa hoja kwamba nchi inayonunua malori mengi haina budi kuyaunganisha yenyewe. Chuo kikuu cha JKUAT kilicho Juja kimeunganisha tarakilishi, na tangu 2023 simu za mkono zinaunganishwa Athi River. Lakini hoja ya malori haikuwahi kutumika kwa redio na makabati ya minarani, ingawa miaka 25 ya ununuzi imepita. Wahitimu wa uhandisi wa JKUAT huajiriwa kuipandisha mitambo hiyo, kuiunganisha na kuilinda. Michoro yake hawaioni.

Kwa sasa viwanda vinasukuma 5G na kutamani kuacha kutengeneza vipuri vya 2G, teknolojia ambayo kampuni kadhaa za Ulaya na Asia zimekwisha kuizima. Katika minara ya Thika redio za 2G zingali zikiwaka. Mama mboga wa soko la Madaraka bado anapokea malipo kwa simu ya vibonyezo, na ujumbe wa M-Pesa unaomthibitishia kwamba nyanya zimelipiwa humfikia kwa njia hiyo.